Hebu Nambie: Niliyoyasikia Miaka 31 Darasa la Kwanza

Hotuba hii niliitoa Wete, Pemba, mbele ya wazazi na walimu wa madarasa ya chini. Wengi hawakuweza kuja kwa sababu karafuu zimeshaiva, na karafuu hazimngoji mtu. Walioniomba niwaandikie nimewaandikia, vile vile nilivyosema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka chuo cha ualimu juzi juzi mkajibanza kule nyuma karibu na mlango: sogeeni mbele. Nafasi zipo. Maneno yangu ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwengine yeyote humu ndani.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31. Watu huniuliza, "Mwalimu, hukuchoka na vitoto vile?" Nami nawauliza: nitachoka vipi na watu ambao kila siku ya Mungu wananambia jambo ambalo sijapata kulisikia? Mwalimu wa madarasa makubwa anasikia majibu yaliyomo kitabuni. Mimi nilisikia yasiyomo kitabu chochote. Mengine yalinichekesha mpaka nikageukia ubao nikajifanya nafuta, kumbe najipangusa machozi.

Nianze na jino.

Msichana wa miaka 6, wiki yake ya pili skuli, alisimama katikati ya somo. Mkono mmoja umeziba mdomo, mwengine kaunyoosha juu, na kwenye kiganja pana kitu cheupe mfano wa punje ya muhindi. Akapaza sauti: "Mwalimu! Eno langu limetoka!"

Darasa likaangua kicheko. Eno! Wenziwe wakalirudia, eno, eno, wengine wamelala juu ya madawati. Yeye kasimama vile vile na pengo lake, haelewi kinachochekwa ni nini. Kwani halikutoka kweli?

Nikamwambia: hebu nambie, neno hilo umelipata wapi? Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenziwe. "Yote meno. Hili moja. Eno."

Mmesikia? Yote meno, hili moja eno. Mayai, yai. Maembe, embe. Madaftari, daftari. Mtoto yule hakufundishwa neno eno na mtu yeyote. Hakuna mama hapa Wete anayesema eno. Hakuna bibi, hakuna jirani, hakuna mwalimu. Kalitengeneza mwenyewe, kwa kanuni aliyoivumbua mwenyewe, kwamba neno la vitu vingi lina kichwa, na ukikikata kichwa kinabaki kitu kimoja. Kanuni yake ni sawa sawa. Neno jino ndilo lililo kaidi, halitaki kufuata wenziwe. Mimi ngeli za Kiswahili nilisomeshwa chuo cha ualimu, nikafanyiwa mtihani. Huyu alikuwa nazo kabla hajajua kuandika jina lake.

Mwaka mwengine akaja kijana mdogo, nyumbani kwao redio haizimwi. Asubuhi, hata sijafungua daftari la mahudhurio, kanisimamia mezani: "Mwalimu, wakipigana mara moja tu, ni kita?"

Kiatu, viatu. Kikombe, vikombe. Kita, vita. Nani humu ndani anaweza kumwambia mtoto huyu kakosa wapi? Hebu tujaribu. Sisi wakubwa wenyewe hatujaelewana. Mmoja anasema vita vimeanza, mwengine anasema vita imeanza, na wote wawili wamesoma. Nilimjibu kwamba watu wakishaanza kupigana hawapigani mara moja, ndiyo maana neno hilo halina moja lake. Akaridhika. Mimi sikuridhika, lakini yeye aliridhika.

Na tusidhani kwamba kukata na kuunga maneno namna hii ni mambo ya kitoto. Neno kitabu tumelipata kwa Waarabu. Kwao kitabu kimoja ni kitab, na vikiwa vingi ni kutub. Ile ki ya mbele kwao ni sehemu ya mwili wa neno, haikatwi. Wazee wetu walipolisikia wakaona ni ki ile ile ya kiti na kikombe, basi wakasema: kimoja kitabu, viwili vitabu. Kwa Kiarabu hakuna neno vitabu. Au njooni karibu zaidi. Barabara zinapokutana kwenye duara, tunapaitaje? Kipilefti. Asili yake ni maneno ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto. Na vikiwa viwili? Vipilefti! Wazee wetu na madereva wetu wamefanya kile kile alichofanya mtoto wa pengo. Ila wao hawakuchekwa, na maneno yao yakabaki.

Sisi wa Pemba tuna letu juu ya hilo. Nyumbani tunasema ntu, nkono, ntoto. Kitabu cha skuli kinasema mtu, mkono, mtoto, kwa sababu mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, ilichaguliwa lahaja ya Unguja iwe ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kiswahili sanifu nimekifundisha umri wangu wote na nakipenda. Lakini mtoto wa miaka 6 anazijua wapi habari za mkutano wa Mombasa? Alikuwepo mmoja aliyekataa kabisa kusoma ukurasa wenye picha ya mtoto. Herufi anazijua zote. Nikimwekea kidole, anatikisa kichwa. Hebu nambie, kwa nini husomi? Akasema: "Hapa pameandikwa mtoto. Mie ntoto. Huyu si mie."

Huyu si mie. Nikaandika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jengine. Nikamwambia: hili la nyumbani, hili la kitabuni, na yote mawili ni wewe. Akayatazama kwa muda. Akasoma ukurasa mzima.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana huko ndiko nilikopata tabu zaidi, na huko ndiko watoto waliponisomesha zaidi.

Hesabu yenyewe nyepesi: una samaki 5, umempa mwenzio 2, umebaki na wangapi? Mkono ukanyanyuka. "Mwalimu, wa mtungo ama mmoja mmoja?" Wapemba wenzangu, hilo ni suali la kuchekwa? Wewe ukitumwa diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, ukalete kitoweo, ukaambiwa tu lete watano, hutauliza? Vichangu watano wadogo wa mtungo na nguru watano wakubwa ni karamu mbili tofauti kabisa.

Siku nyengine: maembe 10 yamo mtini, 3 yameanguka, mangapi yamebaki? Mtoto akajibu haraka, bila ya kuhesabu vidole: "Hayakubaki." Kwa nini? "Popo."

Neno moja tu, popo, na akakaa kitako. Mtoto huyo kwao pana mwembe juu ya paa. Anajua usiku wanakuja wageni. Na popo wetu huyu mkubwa, nyinyi nyote mnamjua, hapatikani pahala pengine duniani isipokuwa kisiwa hiki. Ilifika wakati akakaribia kumalizika, kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa, mpaka watu wa vijiji kama Kidike wakasimama kumlinda, naye akarudi. Kwa hiyo mtoto yule, kwa neno lake moja, alitia ndani ya hesabu yangu kitu ambacho aliyeandika kitabu cha hesabu asingeweza kukijua. Niliandika ubaoni saba. Pembeni nikaandika: bila ya popo.

Lakini la pishi, kile kipimo cha kupimia karafuu, ndilo lililonikaa moyoni.

Ulikuwa msimu wa karafuu, kama hivi sasa. Darasa la pili. Nikajiambia, leo sitawaletea mifano ya mbali, nitawaletea ya nyumbani kwao. Nikasema: pishi moja ina vibaba 4. Mtu kachuma pishi 3. Ana vibaba vingapi? Kimya. Halafu kule kona ya dirishani, mtoto ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake, akasema: "Pishi ya nani?"

Wakacheka wote. Na mimi kicheko kilinifika hapa kooni, kwa sababu pishi ni pishi, ya nani vipi? Lakini nikakimeza. Nikamwambia, hebu nambie.

Akasimama. Bado namuona. Kaptura imemzidi kimo, kaikunja kiunoni mara mbili. Akasema: "Ya babu ama ya yule bwana wa juu? Ya babu inajaa. Ya yule bwana haijai."

Haijai! Nikamuuliza, haijai vipi? Hapo akaacha maneno. Akaweka mikono yake miwili hewani kana kwamba ameshika kopo. Akaitikisa. Akachungulia ndani. Akasema kwa sauti nzito ya mtu mzima, "Bado." Akaitikisa tena, akaigonga chini kwa kitako chake, akachungulia. "Bado. Tia." Na darasa lote likanyamaza, kwa sababu wengi wao, wazazi wangu, walikuwa wamekaa juu ya lile jamvi jioni, wamelala na usingizi, wakingojea mama zao wapimiwe karafuu walizochuma kutwa.

Sikufundisha kuzidisha siku ile. Nilikwenda nyumbani nikafikiri. Mtoto wa miaka 7 ameuliza: kipimo cha nani? Suali hilo ndilo lililowafanya wanadamu wakae wakubaliane juu ya kilo na lita, ili pishi ya mnyonge na pishi ya mwenye shamba ziwe sawa. Kesho yake nikaja na makopo manne, yote nayaita kibaba, kila moja na ukubwa wake, na ndoo ya mchanga. Nikawaachia. Walipimana, walitikisa, waligombana, wakaja wenyewe kunambia kwamba haifai, litafutwe kopo moja tu na sote tulitumie hilo hilo. Na aliyekuwa mbele ya wote ni yule wa kaptura.

Kengele ilipolia akanijia mezani peke yake. Akanambia taratibu, kama mtu anayelipa deni: "Kumi na mbili, mwalimu. Kama ni ya babu."

Ningeliweza kusimama hapa mpaka Alasiri. Kuna aliyesema, baada ya kutazama saa ya ukutani na kunisikia mimi: "Saa inasema saba, wewe unasema saa moja. Nani kati yenu kachelewa?" Kuna aliyefunga nusu siku ya Ramadhani jana yake na nusu siku ile, akatangaza kwamba nusu na nusu ni moja, kwa hiyo ana funga yake moja kamili, na mimi nilikuwa na wiki nzima nahangaika vipi nitaanza somo la sehemu. Kuna mtoto wa ufukweni nilimuuliza, bahari iko mbali na kwenu? Akaniuliza yeye: "Saa ngapi?" Asubuhi imekupwa, iko kule kwenye miamba, adhuhuri imejaa, iko mlangoni. Nikamwambia basi saa nne. Akaniuliza: "Ya leo ama ya kesho?" Maji ya kesho hayaji saa ya leo, kila siku yanachelewa kwa karibu saa nzima. Yeye alijua. Mimi nimezaliwa Wete mjini, ilinibidi nikamuulize mvuvi.

Na kuna aliyekwenda kumwambia mama yake kwamba mwalimu mpya wa Kiingereza anaitwa Sidauni. "Kila akiingia anasema jina lake, sisi tunakaa."

Wazazi wangu, walimu wenzangu. Sasa nawaomba mnisikilize kwa namna nyengine.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar. Sote humu ndani ni watoto wa tangazo lile. Mimi, mtoto wa mchumaji, bila ya siku ile nisingeliujua ubao. Mlango wa skuli ulifunguliwa. Lakini ndani ya mlango ule kuna mlango mwengine mdogo, nao ni mdomo wa mtoto. Huo hakuna serikali inayoweza kuufungua. Ufunguo tumeshika sisi. Na unafungwa kwa kitu kidogo sana. Unafungwa kwa kicheko.

Najua kwa sababu nimeufunga mimi.

Nilikuwa nimeshakaa miaka mingi kazini, sikuwa mgeni tena. Niliwaambia watoto wachore watu wa nyumbani kwao. Nikapita baina ya madawati, natazama, nasifu. Nikafika kwa mvulana mmoja mchangamfu, mzungumzaji, mtoto ambaye mkono wake ulikuwa juu kabla suali halijamalizika. Kamchora bibi yake, mkubwa kuliko nyumba. Kachora dada wawili. Kachora paka mwenye miguu mitano. Na pembeni kachora kisanduku kidogo cha pembe nne, ndani ya kisanduku kichwa cha mwanamke kimevaa ushungi. Kutoka kwenye kisanduku unatoka mstari mmoja mrefu, umepinda pinda mpaka ukingoni mwa karatasi.

Nikamuuliza, nani huyu? Akajibu kwa sauti yake ile ya wazi, darasa zima likasikia: "Mama. Anakaa ndani ya simu. Chaji ikiisha anaondoka."

Nikacheka.

Sikumwambia hebu nambie. Nilicheka kicheko kikubwa cha ghafla, na darasa lilipoona mwalimu anacheka likapata ruhusa. Watoto zaidi ya 60. Mama yake anakaa ndani ya simu! Walipiga meza.

Yeye hakulia. Aliikunja ile karatasi mara moja, akaikunja tena, akaikunja mpaka ikawa kadogo mfano wa tende, akaiweka juu ya kiti, akaikalia.

Jioni nikaenda kwao. Bibi yake alikuwa anakuna nazi, akanipisha mkekani. Akanambia kwamba mama wa mtoto yuko Oman, alifuata kazi za ndani, tangu mtoto ana miaka 2. Kila Ijumaa baada ya Isha anapiga, mtoto anapewa simu aione sura yake. Na simu yenyewe kongwe, haikai na moto, lazima izungumzwe huku imechomekwa ukutani. Ule mstari uliopinda pinda ulikuwa waya wa chaji.

Sasa nambieni nyinyi. Mtoto alikosea nini? Mama anaonekana wapi? Ndani ya simu. Sauti yake inatoka wapi? Ndani ya simu. Moto ukiisha anakuwa wapi? Hayupo. Alikuwa hatanii. Alinieleza mambo ya kwao kwa ukweli wote alionao, tena kwa ufasaha ambao mimi nisingeliufikia, nami nikampokea kama mtu aliyekuja kunichekesha.

Nilimuomba radhi. Nilimuomba mbele ya wenziwe, kwa sababu nilimcheka mbele ya wenziwe. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mkono ule haukunyanyuka tena mwaka ule. Akiitwa jina anasema nipo, basi. Nikimuuliza anajibu, na anajibu sawa, maneno mawili matatu. Yale ya kwake, yale yasiyomo kitabuni, hakunipa tena. Akapanda darasa la pili kwa mwalimu mwengine.

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Sisemi msicheke. Jamani, nani atakaa na watoto asicheke? Mtoto naye anapenda kuchekesha, na kicheko cha furaha anakijua, anakikimbilia, atarudia jambo mara kumi ili akipate tena. Nasema ulizeni kwanza. Hebu nambie. Maneno mawili, na hayana gharama. Lakini yasemeni kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kwa sababu mtoto anasikia sauti kabla ya maneno. Hebu nambie ya mtego anaijua, ni ile inayotangulia bakora.

Nyinyi wazazi, mna makosa mawili majumbani, nitayataja kwa sababu nawapenda. La kwanza ni lile la wageni. Mtoto kasema neno la kuchekesha Jumatatu. Ijumaa wamekuja shangazi na wajomba, mnamwita: njoo, hebu sema lile neno lako. Anasimama katikati ya ukumbi, anasema, mnacheka wote, naye hajui kwa nini. Mara ya tatu ataacha kusema, au atakuwa anasema ili achekwe tu, na yote mawili ni hasara. La pili ni nyamaza. Mtoto anauliza, bibi alipokufa, nani anampikia huko? Nyamaza, usiseme maneno hayo. Kwa nini anyamaze? Mtoto huyo kila siku alikuwa anapelekewa sahani kwa bibi, au yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipeleka. Anachouliza ni nani sasa atabeba ile sahani. Mwiteni, mkalisheni karibu, mzungumze naye habari za bibi yake.

Na nyinyi vijana walimu. Najua mtanambia: mwalimu, nina watoto 70 ndani ya chumba kimoja, mkondo wa asubuhi unatoka wa mchana unaingia, nitamwambia nani hebu nambie? Mwambie mmoja. Mmoja kwa siku. Watoto 70 ni siku 70 za skuli, ni wiki 14. Kabla mwaka haujafika mbali umeshamsikiliza kila mmoja wao angalau mara moja, na nakuapieni, wapo watoto wanaomaliza darasa la sita bila ya kupata hata hiyo mara moja.

Na muwe na daftari. Si la kazi, si la mkaguzi. Mimi nilinunua langu wiki ile ile ya kisanduku cha simu. Kila neno la mtoto lililonichekesha au lililonishinda niliandika, pamoja na maelezo yake aliyonipa. Nilipostaafu nilikuwa na madaftari kumi na moja. Nilikuwa nikiyasoma usiku kabla ya kutayarisha somo, kwa sababu mle ndimo nilimokuwa nikiona mtoto kafahamu nini na mimi nimesema nini kumbe hakikufika. Alama ya mkasi kwenye karatasi ya mtihani inakwambia kakosa. Daftari lile linakwambia alikuwa anakwenda wapi.

Leo nimekuja na la mwisho. Nitawasomea ukurasa mmoja tu, wa mwisho kabisa, halafu nikakae.

Ni siku yangu ya mwisho kazini. Niliwaambia watoto kwamba kuanzia wiki ijayo atakuja mwalimu mwengine, mimi naondoka darasa la kwanza, nimekaa humu miaka 31. Wakanyamaza. Msichana mmoja wa mbele, ambaye siku zote kalamu yake imo mdomoni, akaitoa. Akaniuliza:

"Kwani umefaulu?"

Nikamwambia, hebu nambie, wewe waonaje?

Akafikiri. Akageuka nyuma, akawatazama wenziwe mmoja mmoja, safu kwa safu, mpaka dirishani. Akarudi kunitazama mimi.

"Majina yetu wayajua yote," akasema. "Basi nenda la pili."

Ahsanteni.